Riwaya Aliyosomewa Taata

Juzi nilimkuta mjukuu wangu amezama katika riwaya ya mtu aliyepotea porini, nikakumbuka alasiri moja katika kijiji kipya cha ujamaa, mbali na migomba yetu ya Kishanda. Taata, baba yetu, alikuwa amelala na homa kibandani, katika harufu ya nyasi mbichi na moshi. Dada Koku alikuwa akimsomea riwaya kama hiyo.

"Huyo mtu anatoka porini?" Taata aliuliza kwa shida.

"Subiri, Taata."

Baadaye mama alimgusa Taata shingoni, akatutazama sisi wadogo, akamwambia Koku, "Endelea kusoma."

Koku aliendelea, sauti ikimtetemeka, mpaka mwisho. Ndipo mama akaangua kilio. Mimi nilidhani Taata amesinzia, na mama analia kwa furaha kwamba yule mtu amefika kwao.