Karibu Niwote

Dukani kwetu tunachapa kadi za harusi, vipeperushi na vyeti vya chekechea. Mimi ni wa fotokopi. Anayepanga maua na herufi ni Dada Urembo, na mkaidi kama yule sijamwona. Mteja ana haraka zake, yeye yuko mtandaoni anachimba: picha za milango ya zamani, vitambaa, mabango ya watu wa mbali.

"Natafuta herufi zenye mkono wa mtu," husema. "Hizi za kompyuta zote zimepigwa pasi."

Maneno tu hayo. Aliyekuwa akimtafuta ni mdogo wake, mchora mabango. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukuta wa duka la jirani: KARIBUNI WOTE. Kijana akaanza na herufi kubwa kubwa, nafasi ikamwishia, akakata neno: juu KARIBU, chini NIWOTE. Mtaa mzima tulivunjika mbavu! Naye kwa ubishi akawa anaandika hivyo hivyo kila anapoitwa, hadi jina likamganda: Niwote.

Mama yao ndiye hakucheka. Alimwita mchafua kuta mbele za watu. Niwote akabeba makopo yake ya rangi akaondoka, na simu akazima. Mama alipougua, kila mlango ukifunguliwa alikuwa anauliza, "Ndiye?" Akakata roho hajajibiwa. Tangu hapo Dada Urembo anatamani kitu kimoja tu, ampate mdogo wake amwambie habari za Mama. Hamu hiyo ilimkondesha, haki ya nani.

Juzi asubuhi, foleni imefika mlangoni, nikasikia ukelele wa Dada Urembo. Kwenye tovuti fulani, mtu alikuwa amekusanya picha za kuta zilizoandikwa kwa mkono. Mojawapo ilikuwa ya kinyozi, rangi bado inang'aa: KARIBU, na chini yake NIWOTE. Pembeni kulikuwa na namba ya simu ya kinyozi.

"Piga basi!" nikamwambia.

"Na akikataa kuongea na mimi?"

"Wee! Umemtafuta kote huko, leo unaleta mapozi?" Nikapiga mwenyewe, nikaweka spika. Wateja wakasogea karibu, wambea wakubwa.

Nilipomweleza kuwa dada yake mwandishi wa ukuta anamtafuta, kinyozi akasema fundi bado yupo, anamalizia ukuta wa nyuma. Tukamsikia akiita, "Fundi! Dada yako huyu!" Halafu miguu ikija mbio, halafu pumzi.

"Dada? Ni wewe kweli?"

"Ni mimi, mdogo wangu." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hata hakuyafuta. "Jamani, ni mimi."

"Nimekukumbuka, Dada. Nyote nimewakumbuka. Hebu niambie ukweli. Mama bado ana hasira na mimi?"

Dada Urembo akaisogelea simu. Akashika ukingo wa meza.

"Hana," akasema. "Hana hasira kabisa."

"Alhamdulillahi! Basi mpe simu."