Mke wangu alivyokula clay ya gari kabla sijamaliza boneti

Wakuu, habari za mchana. Kuna mwenzetu jana aliuliza humu kama clay bar inaweza kuharibu rangi ya gari. Nikaanza kumjibu kwenye comment, ikawa ndefu, nikaona bora nifungue uzi. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na mashahidi wapo, wengine wako humu humu wanasoma kimya.

Mi ni mtu wa Kindu, naishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi. Kazi yangu ni kuosha na kung'arisha magari, nilijifunza kwa Mmalawi mmoja mwenye car wash kule Chinsapo, Lilongwe. Dzaleka magari ni machache, wengi tunatembea kwa miguu, kwa hiyo ukipewa gari la maana unalishika kama yai.

Hili lilikuwa saloon nyeusi ya Mzee Ramazani, mfanyabiashara wa hapa kambini. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi na gari hilo ndilo lingembeba.

Shida ni kwamba lilikuwa limelala muda mrefu Lilongwe, jirani na fundi wa kuchomelea mageti. Vumbi la chuma likaganda kwenye rangi. Ukiliangalia linang'aa. Ukipitisha kiganja, ni ulimi wa paka.

Hapo shampuu peke yake haitoshi. Hapo njo clay inaingia. Kwa asiyejua, ni kipande laini kama unga uliokandwa, unakipitisha juu ya rangi iliyokwisha kuoshwa, kinang'oa kilichoganda.

Siri iko kwenye maji. Unamwagia maji ya shampuu mengi mpaka kipande kiteleze chenyewe. Mkono usikandamize. Unaenda mstari ulionyooka, huzungushi. Upande ukichafuka, unakikunja upate upande safi. Na kikianguka chini unakitupa, hata kama roho inauma, maana kikishaokota mchanga huo ni msasa.

Nilianza na boneti, kivulini, Mzee amekaa kwenye kiti anaangalia. Nusu ya boneti ikawa kama kioo. Kisha kipande kikaniponyoka, kikaanguka kwenye vumbi. Nikakitupa pembeni, nikakata kingine, nikaendelea.

Sasa mke wangu, Zawadi, alikuwa na mimba kubwa, na mimba ile ilikuwa na wazimu wa pemba, ule udongo wa kula ambao wajawazito wanautafuna. Alikuja kuniletea chai, akaona kipande cheupe kimetupwa. Akakiokota, akakisuuza, akaenda nacho nyumbani. Mi sikuona kitu.

Nilipoingia kula, nikamkuta anatafuna kwa bidii.

"Hii pemba yako ulitoa wapi?" akaniuliza. "Haiishi mukinywa. Natafuna tangu kule, iko vile vile."

Nikamuuliza pemba gani.

"Ile ulitupa. Iko na harufu ya sabuni, lakini ni muzuri."

Wakuu, nikatoka mbio hadi kwenye gari. Nikachukua boksi la clay nisome. Limeandikwa isiwekwe karibu na watoto, isitumike kwenye jua kali. Kuhusu mjamzito kuitafuna, hakuna neno.

Nikaita kabaza, baiskeli ya abiria, nikampandisha Zawadi, mi nikakimbia nyuma yao hadi kliniki. Nesi akauliza tatizo. Kichewa changu ni cha sokoni, nikasema tu amekula udongo.

"Wote wanakula udongo," nesi akasema, akataka kuita mwingine.

"Huu ni wa gari."

Akaacha kuandika. "Magari nayo yanakula udongo?"

Nikamweleza kuanzia kwa fundi wa mageti. Alisikiliza kwa uvumilivu, kisha akamlaza Zawadi na kusikiliza moyo wa mtoto. Mi natazama sakafu. Hatimaye akasema mtoto yuko sawa. Zawadi alikuwa amemeza kidogo sana, sehemu kubwa ilikuwa bado shavuni. Aiteme, anywe maji, akisikia maumivu arudi.

Zawadi akaitema kwenye karatasi kwa huzuni. Mi nikasema zikomo, asante ya Kichewa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na machozi yako karibu.

Nikadhani siku imeisha.

Kumbe habari ilikuwa imemfikia mama mkwe. Akaona aibu kwamba binti yake amekula kazi ya mkwe. Akaenda sokoni, akanunua pemba kunirudishia, na kwa kuwa mi sikuwepo, akaamua kuendeleza kazi.

Nilikuta boneti imekuwa nyeupe. Mama amefunga kitenge kiunoni, anasugua kavu, kwa kuzungusha, kwa nguvu ile ya kutoa masizi kwenye sufuria. Mzee Ramazani bado yuko kwenye kiti, ametulia. Alidhani hiyo ni hatua ya pili.

"Niliona kazi ya mukwe wangu inalala," mama akasema. "Yako iko laini sana. Hii njo iko na nguvu."

Kwetu mama mkwe humkaripii. Hata kumtazama usoni unatazama kidogo. Nikainamisha kichwa: "Asante sana, mama. Pumzika sasa."

Akasema hajachoka. Akamalizia kona iliyobaki.

Nikamwaga maji bila kugusa na kitambaa. Chini yake boneti nzima ilikuwa utando wa buibui.

Nilimwambia Mzee ukweli, kwamba mikwaruzo imeingia na kuitoa ni juu yangu. Kesho yake nikaenda Chinsapo, bosi wangu wa zamani akaniazima mashine ya polishi. Umeme nilipata kwenye jenereta ya kinyozi. Kila nikiwasha mashine yangu, ya kwake inazimika. Mteja mmoja alitoka nje na kichwa nusu kuja kuona hilo gari ni la nani.

Mikwaruzo mingi ilitoka. Ile ya kina ikabaki.

Mzee akainama, akaangalia. "Inaonekana juani tu?"

"Juani tu, Mzee."

"Basi tutaweka maua."

Akaweka maua boneti nzima, rundo hadi usawa wa kioo. Dereva haoni mbele. Ikabidi mjomba wa bwana harusi atembee mbele ya gari akimwelekeza kwa mkono. Wageni wa miguu walifika kabla ya bibi harusi. Watu wakasema hawajawahi kuona harusi yenye heshima kama ile.

Zawadi alijifungua salama, mtoto wa kike, mzima kabisa.

Lakini maua yalipotolewa, watu waliona boneti inang'aa, na habari iliyosambaa haikuwa ya polishi. Juzi dereva mmoja alitoka Mitundu mpaka mlangoni kwangu. Nikamkaribisha kwa furaha. Akachungulia nyuma yangu akauliza, "Yule mama wa pemba yuko?"

Mama mkwe sasa ana wateja wake. Mi nambebea maji, akiondoka napita nyuma na polishi.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza jana: clay haiharibu rangi ukiwa na maji mengi na mkono mwepesi. Iliyoanguka usiitupe tu, izike, hasa kama nyumbani kuna mjamzito.

Na mimi naomba msaada wenu. Aliyewahi kumkataza mama mkwe kitu na mpaka leo bado anasalimiwa, aandike hapa alianza na neno gani.