Nani Alikuwa Juu

Shemeji yangu Olmedo Tigrero ana sifa mbili hapa kisiwani kwetu, Puerto Ayora: anajua papa, na hana haya. Ya kwanza nimeisikia kwa watu. Ya pili naishuhudia mwenyewe, maana mimi ndiye mpishi wa boti anayofanyia kazi.

Kazi yake ni kuwazamisha wageni kule Gordon, kwenye miamba iliyobaki ya mdomo wa volkano ya kale. Ukuta wake unashuka wima mpaka gizani, na mkondo unamzungusha mtu vibaya, ndiyo maana wenyewe tunapaita mashine ya kufulia. Wageni hung'ang'ania mwamba kwa glavu zao, wakisubiri papa wenye vichwa vya nyundo wapite kwa makundi. Wakipanda juu kupumzika kabla ya kuzama mara ya pili, mimi nawapa wali na samaki wa nazi. Olmedo anavua suti ya mpira hadi kiunoni, kifua kionekane, halafu anaanza hadithi yake.

Eti zamani alikuwa mvuvi wa jongoo bahari. Eti siku moja yuko chini, anavuta hewa kwa mpira mrefu kutoka kwenye kompresa, mashine ya kusukuma hewa iliyoko juu, mara hewa ikakatika. Papa wakamzunguka. Mmoja akamtazama usoni, akamhurumia, akampisha apande. Tangu siku hiyo akaapa hatagusa tena kiumbe cha bahari, atawalinda papa mpaka kufa. Akifika hapo sauti humkwama, na huwa inakwama palepale kila siku. Wanawake wanapangusa macho, na bakshishi inanona.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, lakini hawakumjua Olmedo. Huyu anaivaa ya watu na kuringia nayo.

Aliyekuwa chini siku ile ni kaka yake, Fausto, mume wangu. Hakukuwa na papa wa huruma. Olmedo alikuwa juu kwenye mashua, kazi yake moja tu, kuangalia kompresa isiishiwe mafuta. Redioni kulikuwa na mpira. Timu yake ilifunga, akaruka, akashangilia, akaimba, na injini ilipozima hakusikia. Fausto akapanda kutoka kilindini kwa pupa ya mtu anayekata roho. Hewa ikamjaa kwenye damu, miguu ikafa. Leo anatembea kwa magongo, akijikokota, na riziki yake ni kubandika suti za wazamiaji kwa gundi hapo barazani kwetu.

Fausto hajawahi kudai fidia. Alitaka kitu kimoja tu: mdogo wake aseme mbele ya watu nani alikuwa juu. Olmedo mjini kote alisema injini ilikuwa mbovu. Injini ilikuwa yetu, kwa hiyo watu wakahitimisha kwamba Fausto aliponzwa na ubahili wake mwenyewe. Mume wangu akaishi na hilo.

Nilipomweleza hadithi ya kwenye boti hakuniamini. Akasema mimi namchukia tu Olmedo. Ni kweli namchukia, lakini sisemi uongo. Basi nikamwomba nahodha, mzee Liborio, rafiki yetu wa siku nyingi, anipe nafasi ya mume wangu siku moja, akasikie kwa masikio yake.

Tulipanda mapema, kabla ya wageni. Olmedo alipomwona akambusu shavuni, akamwambia, "Kaka, umekuja kutembea? Vizuri, upunge hewa." Nikadhani leo ataufyata. Wageni, madaktari wa meno kutoka Quito, walipoingia waliambiwa tu kwamba yule ni mume wa mpishi.

Walizama, wakawaona papa, wakapanda wanatetemeka kwa baridi na furaha. Sahani zikiwa mikononi, mama mmoja akamwomba Olmedo ile hadithi, maana rafiki yake alimsimulia na akalia. Olmedo akamtupia jicho kaka yake. Halafu, kwa uso mkavu, akaisimulia yote, hadi sauti kukwama. Mimi nilishika mwiko nikatamani kichwa chake kiwe karibu.

Fausto alisubiri makofi yaishe. Akauliza taratibu, kama mgeni yeyote, "Na juu, kwenye mashine, alikuwepo nani?"

Hapo ndipo ningemsamehe. Nasema kweli. Neno moja, "mimi", na ningempakulia sahani ya pili.

"Kaka yangu," Olmedo akasema.

"Akafanya nini?"

"Alikuwa anasikiliza mpira." Akainamisha macho kama padri. "Lakini nilishamsamehe."

Yule mama akamwambia ana moyo mkubwa. Fausto akavuta magongo yake, akajiinua, ile miguu ikining'inia ndani ya suruali.

"Mimi ndiye kaka yake," akasema. "Tazameni alivyonisamehe."

Hakuna aliyemeza. Olmedo akacheka kidogo, akasema jamani, hadithi lazima itiwe chumvi. Hakuna aliyecheka naye. Akageuka kujishughulisha na mitungi ya hewa, na kwa mara ya kwanza akaivuta ile suti, akaufunika mgongo na kifua.

Msidhani wageni walisusa. Wametoka mbali, wamelipa, na papa wako chini. Walinong'onezana, kisha daktari mmoja akauliza kitu ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukiuliza kwenye boti yetu: wakiwa chini, nani anakaa juu kuwaangalia?

"Mimi," Fausto akasema.

Olmedo akajitosa majini bila kumtazama mtu, wageni nyuma yake. Tukamkalisha mume wangu mbele kabisa ya boti. Mkondo ulikuwa mkali, mapovu yao yanapotea na kuibuka kando ya ukuta, na yeye anamwelekeza Liborio kwa kidole, kushoto, kulia, subiri. Nilimpelekea kahawa, ikapoa bila kuguswa. Nikamwambia hata yule wa kwanza pale, mwenye mapovu makubwa ya kujiona, hastahili macho yake. Akamwonyesha Liborio kushoto tena.

Liborio akawasha redio. Kulikuwa na mpira.

"Zima, Liborio," Fausto akasema, bila kugeuza kichwa. "Mdogo wangu yuko chini."