Renelle na Askari Tarishi

Renelle Thibault wa Sudbury hakuwa mjinga. Kiti ndicho kilichomshinda. Darasani aliinuka kuchonga penseli iliyokwisha chongwa, akaomba maji, akaomba choo, mwisho akafeli historia. Na kwao Kanada, bila historia humalizi sekondari. Mama yake, dereva wa malori ya mgodini, akasikia habari za somo la kiangazi: unasafiri na walimu hadi Ufaransa, unasoma njiani, unatahiniwa huko huko, ukifaulu somo linahesabiwa.

"Nenda," alisema mama. "Labda miguu itajifunza kilichokataliwa na kichwa."

Haya, hata huko! Basi likisimama, yeye wa kwanza kushuka. Kundi likihesabiwa, hayupo. Mwalimu Halloran alimchoka.

"We binti, ukiniponyoka tena, unarudi kwenu mikono mitupu."

"Sitoroki, Mwalimu. Natangulia tu."

"Basi tangulia kunyamaza."

Mtihani wa mwisho ulikuwa makaburini. Ndiyo desturi yao: kila mwanafunzi hupewa askari wa mji wake aliyekufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ayachunguze maisha yake, kisha asimame kaburini pake amsimulie. Mwanafunzi mwenzake, Kirsty, alisimama wima kama mlingoti, akasimulia, akatoa na chozi la adabu. Zamu ikamfikia Renelle. Askari wake, Alcide Gauvreau. Akafumbua mdomo, maneno yakagoma. Miguu ndiyo iliyocheza.

"Tulia bwana, umekanyaga siafu?" Kirsty akanong'ona.

"Alcide alikuwa tarishi," Renelle akasema. "Simu zikikatika, yeye ndiye aliyekimbiza ujumbe. Siwezi kumsimulia nimesimama."

Akaondoka.

"Renelle! Nilikwambia nini?"

Alijua anachokitupa, lakini hakugeuka. Alipita langoni, akashika njia ya shamba la viazi, akipaza sauti: hapa alipita usiku, pale alilala kifudifudi risasi zikipita, safari ya pili alifika na buti moja. Wenzake wakamfuata, na nyuma yao mwalimu, anahema kama mvukuto.

Ukingoni mwa mtaro Renelle akasimama ghafla.

"Aliishia hapa."

Hata kidole cha mguu hakikutikisika. Mwalimu Halloran akajifuta jasho.

"Ujumbe wenyewe ulisemaje?"

"Walio mbele warudi nyuma. Haukuwafikia."

Mwalimu akayatazama yale majani ya viazi.

"Umefaulu," akasema. "Na ukinikimbiza tena hivi, nakufelisha."

Nani wa kumsikia? Binti alishaanza kurudi, mbele ya wote.