Hasira Yangu kwa Ajili ya Simbilisi

Likizo ile baba alikuwa mfanyakazi wa maabara ya afya, Voi, karibu na stesheni. Watu waliogopa tauni, kwa hiyo panya waliookotwa wamekufa madukani waliletwa kupimwa. Daktari alisugua kipande cha bandama ya panya kwenye ubavu wa simbilisi ulionyolewa. Simbilisi ni mnyama mdogo asiye na mkia, mpole kuliko sungura. Simbilisi akiugua, ilijulikana panya yule alikuwa na tauni, na duka alikookotwa lilifungwa lipigwe dawa.

Kuwakatia majani simbilisi wazima nilipewa mimi, binti yake. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haikuwa na maongezi.

Ijumaa mmoja wa simbilisi waliosuguliwa bandama, jike jekundu, aliacha kula. Kinena kilimvimba, akajikunyata kwenye kona ya kizimba akitetemeka. Nilimwona kupitia waya.

"Baba, huyu anaumia."

"Duka limeshafungwa. Tunangoja afe, daktari ampasue."

Sikumjibu. Hata darasani huwa najua jibu na nanyamaza. Nilichoweza ni kununa, na nikanuna kutoka Voi mpaka nyumbani kwetu Ronge, tulikopanda milimani kesho yake. Chai aliyonipikia nyanya sikuigusa.

Nyanya, mamake baba, alitutazama kwa zamu. Kwetu Dawida, milima ya Taita, hasira iliyofichwa moyoni huogopwa. Husemwa inaweza kumwangusha kwa ugonjwa mtu wa nyumba ileile. Dawa yake ni kutasa: unatia kinywaji mdomoni, unakipuliza nje, unaitaja hasira yako ili itoke. Wazee walitumia pombe ya miwa. Baba ni mtu wa kanisa, basi nyanya alileta maji kwenye kibuyu.

"Mama, mambo haya tuliyaacha," baba alilalamika.

"Yaache ukiwa kanisani. Mtoto hali chakula."

Nikapuliza maji. Nyanya akanifinya kiwiko niseme.

"Namkasirikia baba kwa sababu ya simbilisi."

Baba akacheka mpaka akashika goti. "Panya asiye na mkia ndiye anagombanisha nyumba yangu! Ulitaka tupimie kwa nani, mdogo wako?"

"Sikukataza kupima," nikasema, huku nikiangalia miguu yangu. "Lakini duka limefungwa. Jibu mmeshalipata. Sasa anaumia kwa ajili ya nini?"

Kicheko kikaisha.

"Daktari hapendi kuulizwaulizwa," alisema. Ndipo nikajua kumbe na yeye ni mwoga kama mimi.

Jumatatu, tuliporudi Voi, alimwuliza. Nilikuwa nje ya dirisha la maabara, nikasikia anakohoa, anaanza, anaanza tena. Daktari akajibu kwa Kiswahili chake kibovu kwamba sawa, dalili zikionekana wazi simbilisi auawe.

Baba akavaa glavu. "Usiguse. Lakini ulisema, basi simama uone." Akamtia yule jike jekundu kwenye mkebe wenye pamba ya klorofomu, dawa ya usingizi, akafunika. Kucha zilikwaruza bati kidogo, zikanyamaza. Nilikuwa nimetarajia kufurahi.

Akavua glavu, akanawa na kunijia.

"Ameletwa panya mwingine, wa duka moja la Maungu. Daktari anataka simbilisi mwenye nguvu. Wewe ndiye unayewajua, mama. Yupi?"

Simbilisi wazima walikuwa wakitafuna majani. Niliwatazama mmoja mmoja, kisha nikamnyooshea mmoja kidole.