Sufuria Zenye Alama Nyekundu

Ungemkuta Bi Mahbuba njiani pale Sidab, kijiji chetu cha pwani jirani na Maskati, buibui limefungwa sawasawa na bahasha imebanwa kwapani, usingehitaji kumuuliza aendako. Anakwenda ofisini. Sisi wengine tuliogopa ofisi kama watoto wanavyoogopa sindano. Yeye alizipenda, na akitoka huko uso ulikuwa umemnawiri kama mtu aliyetoka harusini.

Mwaka huo, 1968, wanawake tuliotoka Unguja tulikuwa na chama chetu, Chama cha Vyombo. Tulipokuja Maskati baada ya mapinduzi hatukuja na masufuria makubwa. Nani anayekimbia na sufuria? Kwa hivyo mtu akifiwa au akioza mtoto, ilikuwa ni kuhangaika kuazima huku na huku. Bi Mahbuba ndiye aliyetukusanya, tukapata masufuria, masinia na majamvi, vikawa vya wote na si vya mtu. Vinatolewa bure kwa yeyote mwenye shughuli. Kila chombo kilitiwa alama ya rangi nyekundu, na kazi ya kupaka alipewa mwanangu Muhsina kwa kuwa ana mkono mtulivu.

Lakini zama hizo kila jambo lilitaka ruhusa, na chama chetu kilitaka mbili: moja ya Wali, yaani liwali wetu, na nyingine ya ofisi ya serikali kule mjini Maskati. Kila mwaka kabla ya Ramadhani lazima ripoti ipelekwe kote kuwili: viongozi ni nani, vyombo viko wapi, na vimetumika kwa lipi. Ruhusa ilisema harusi na msiba, basi. Vikionekana kwenye jambo jingine, chama kinafungwa na vyombo vinachukuliwa. Na hayo hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Wenzetu wa mtaa mwingine majamvi yao yalikutwa yametandikiwa wacheza karata. Yalibebwa, na mpaka leo hayajarudi.

"Mahbuba," mumewe Ghanim alikuwa akimwambia, "ungenitunza mimi kama unavyoitunza hiyo karatasi ya ruhusa, ningekuwa kijana."

"Karatasi ikifika Shaabani inakufa. Wewe Shaabani ngapi zimekupita, na bado upo."

Basi Shaabani ya mwaka huo ripoti ikapelekwa, na jawabu likarudi kwamba karani wa serikali atakuja mwenyewe kuvikagua vyombo. Bi Mahbuba alifurahi. Mimi nikaanza kuyahesabu masinia.

Na tayari nilikuwa na wasiwasi mwingine. Shoga yangu Rahila alikuwa amemposea mwanawe Thabit kwa Muhsina tangu mwezi wa Rajabu. Baba yake Muhsina alikwisha kukubali siku ile ile, ila alisema neno la mwisho ni langu. Thabit hakuwa na ila. Alikuwa kijana wa adabu, na kazi yake bandarini Matrah. Lakini nilimsikia mara moja anaitaja Kuwait, na usingizi ukanihama. Nchi moja nimeshaiacha. Mtoto naye aende wapi tena? Kila Rahila akiuliza, nilimjibu, "Bado tunaangalia, mwenzangu."

"Mnaangalia nini?" siku moja akanijibu. "Mwezi?"

Karani akaja asubuhi, juu ya punda. Jina lake Sheikh Muslim, mtu wa makamo, aliyekaa Pemba ujana wake, Kiswahili chake kizuri. Alikaa barazani kwa Bi Mahbuba pamoja na Ghanim, sisi wanawake tuko ndani nyuma ya pazia. Vyombo vilipangwa uwanjani, akavipitia akiigonga kila sufuria kwa kifundo cha kidole kama anayenunua tikiti. Aliporidhika, kila chombo kikarudishwa kwenye nyumba inayokitunza. Sufuria moja ya kati ilikuwa ikitunzwa kwangu, wakaibeba Rahila na Muhsina.

Nikadhani yamekwisha. Lakini karani akafungua ripoti, akaanza kuisoma taratibu, na kila ukurasa akasimama kumsimulia Ghanim habari za Pemba.

"Njia ya Sidab hii," akasema baadaye, "inatia njaa."

Bi Mahbuba akatoa kahawa na tende zake mwenyewe. Nikamvuta kanga. "Bi Mahbuba, mgeni wa serikali unamlisha tende tu? Atatuandika nini?"

"Kisufuria changu ni cha mimi na Ghanim," akaninong'oneza. "Na zile za chama hazipiki ugeni. Akitaka pilau, na aoe."

Adhuhuri ilipokaribia, nikasikia hodi. Alikuwa Rahila, na Muhsina nyuma yake, wamebeba sufuria ya kati kwa vitambaa, pilau linafuka moshi. Hawakulipakua kwenye sinia kama wafanyavyo watu. Waliileta sufuria nzima, wakampa Ghanim mlangoni, na yeye maskini kwa furaha ya tumbo akaiweka mbele ya mgeni.

Sheikh Muslim akafunua. Akanusa. Akatabasamu. Kisha jicho lake likaiangukia ile alama nyekundu, imemkabili kama jicho jingine, na mkono wake ukabaki hewani.

"Bi Mahbuba! Hii si ya chama?"

Nilimtazama Bi Mahbuba. Rangi ilikuwa imemtoka. Angeweza kusema si yake, lakini hakuwa mtu wa hivyo.

"Naam, sheikh. Ya chama."

"Ruhusa yenu inasema harusi na msiba. Leo hapa pana msiba?"

"Hapana, alhamdulillahi."

"Basi bwana harusi ni mimi?"

Ghanim akakohoa. Nami nikaona kwa macho yangu majamvi yakibebwa, masinia yakibebwa, na Bi Mahbuba amekaa na bahasha tupu.

"Pana posa!" Rahila akapaza sauti kutoka nyuma ya pazia. "Mwanangu Thabit kaposa kwa Mama Muhsina, na leo ndiyo siku ya jawabu!"

Nilitaka ardhi inimeze. Bi Mahbuba akanigeukia, akasema polepole, bila ya kuniomba wala kunikonyeza: "Mama Muhsina, mimi siipelekei serikali uongo. Pana posa au hapana?"

Wote wakanitazama. Ila Muhsina, yeye alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu, na shingo yote imemwiva.

"Pana," nikasema. "Tumekubali."

Vigelegele vya Rahila vilimwamsha punda wa serikali.

"Lakini posa si harusi," akasema karani, ijapokuwa mkono umeshaanza kushuka.

"Sheikh," akasema Ghanim, "na wewe kule Pemba ulipooa, ulianza kwa harusi?"

Sheikh Muslim akacheka mpaka kilemba kikamkaa upande. "Haya! Iandikwe. Na tarehe ya harusi iandikwe pia, isije ikawa posa ya kuning'inia."

Bi Mahbuba kalamu alikuwa nayo tayari. "Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha tu," akasema, akaandika bila kuniuliza. Karani akala, akasifu, akatia muhuri.

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Ramadhani nzima nilitafuta pa kutokea. Nguo haijashonwa, jamaa wa Matrah hawajaarifiwa, mguu unaniuma. Kila nikitoa sababu, Bi Mahbuba yuko mlangoni.

"Nimeshaandika kwa Wali na nimeshaandika kwa serikali. Unataka niwe mwongo kote kuwili?"

Mwishowe nikamtolea la moyoni. "Nnaogopa Kuwait, Bi Mahbuba."

"Kuwait haimo kwenye ripoti," akasema. Lakini alikaa kitako, akanishika mkono, na hakuondoka upesi. Kesho yake akarudi na Thabit. Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Mama, siendi popote mpaka uniridhie."

"Liandike hilo," Bi Mahbuba akamwambia. Akaliandika. Likaingia katika bahasha, pamoja na ruhusa.

Harusi ikawa, Mfunguo Mosi, kama serikali ilivyoarifiwa. Wenzake wakicheza, Bi Mahbuba alisimama jikoni kati ya masufuria, amejifunga kanga kiunoni, anapumua kama aliyetua mzigo. "Sasa ripoti yangu ni ya kweli," akaniambia.

Hapo ndipo nilipoiangalia vizuri ile sufuria ya kati. Masufuria yote alama yake ni nukta ndogo, chini ya mkono wa sufuria, huioni mpaka uinamishe kichwa. Hii peke yake ilikuwa imepakwa upya, pana kama kiganja, katikati ya ubavu, mahali ambapo karani asingeweza kuikosa.

Nikaenda chumbani kumuuliza aliyeipaka. Lakini biharusi hasemi, nyote mnajua. Aliinamisha uso ndani ya shela, mabega yakawa yanamtikisika, na kile hakikuwa kilio.