Kwaya ya Mama Besi: Huimbi mpaka urudie alichosema mwenzako

Saa nane na nusu mchana, Jumamosi. Mama Besi anafunika cherehani chake kwa kitambaa, anatoa pini tatu mdomoni, anazitia kwenye kopo, ndipo anaposema neno la kwanza tangu mgeni aingie.

"Haya, twendeni. Wakikuta sijafika wataanza kuimba, na wakishaanza kuimba hawatataka tena kuongea."

Ana miaka hamsini na mbili, ni mjane, na kazi yake ni kushona nguo. Jina la Mama Besi hakupewa bure. Sauti yake ni nzito kuliko ya wanaume wengi, na kwenye kwaya husimama mstari wa nyuma pamoja nao.

"Wifi yangu akiimba, mbwa wa jirani wanaingia uvunguni," anasema dada wa marehemu mumewe, ambaye hushona naye.

"Na wewe ukiimba wanahama mtaa," Mama Besi anamjibu bila kugeuka.

Kwaya anayoiongoza ina watu ishirini na saba. Kumi na watano wanatoka upande wa reli, kumi na wawili upande wa soko. Katikati ya pande hizo ni barabara moja ya lami, ambayo mtu mzima huivuka kwa hatua kumi na mbili.

Miaka sita iliyopita, ugomvi ulioanzia kwenye foleni ya maji uligeuka mapigano ya siku tatu. Watu tisa walikufa. Nyumba na vibanda zaidi ya mia viliteketea. Baada ya hapo hatua hizo kumi na mbili zikawa ndefu sana. Watu wa reli wakaacha kununua sokoni, watu wa soko wakazunguka kilomita mbili ili wasipite relini. Hata kuzikana waliacha.

Kwaya nayo, iliyokuwa moja, ikagawanyika. Mama Besi anaishi upande wa reli.

"Sisi tukabaki na besi watupu," anasema. "Waimbaji wote wa sauti ya kwanza walikuwa kule. Tulialikwa harusi moja, tukaimba, ikasikika kama watu wanasukuma gari bovu. Bibi harusi mwenyewe alicheka."

Kilichowarudisha, kwa maelezo yake, ni magauni. Wanawake wa upande wa soko walikosa fundi wa kumwamini, wakaanza kuvuka mmoja mmoja, kimyakimya, kuja kupimwa.

"Mwanamke akitaka gauni limkae, hajali fundi anaishi wapi. Na mimi nikimpima mtu kifua namwambia avute pumzi. Hapo hapo najua huyu ni sauti ya kwanza, huyu ya pili. Nikawa nawaambia, gauni lako tayari Jumamosi, lakini mazoezi pia ni Jumamosi."

Kwa mwendo huo alipata wanawake saba. Wanaume wakaja baadaye, wengine kuwalinda wake zao, wakajikuta wanaimba.

Utaratibu unaoifanya kwaya hii izungumziwe haukutoka kwenye semina yoyote. Miaka minne iliyopita wanawake wawili waligombana katikati ya mazoezi, kila mmoja akimjibu mwenzake mambo ambayo hakuyasema. Mama Besi aliwanyamazisha, akamuuliza mmoja wao: "Hebu niambie, mwenzako amesema nini?" Yule mama akashindwa. Mama Besi akamgeukia wa pili. Naye akashindwa.

Tangu siku hiyo haziimbwi nyimbo kabla watu wawili, mmoja wa kila upande, hawajakaa kwenye viti vya plastiki vinavyotazamana. Mmoja anasema alilo nalo. Mwingine analirudia. Msemaji asipokubali kwamba hayo ndiyo aliyosema, hakuna anayefungua kinywa kuimba.

Wapo waliombeza. Waliambiana kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, kwa nini huyu mama anachimbua makaburi?

"Wanaosema yaliyopita si ndwele ni wale ambao hawakuumwa," anasema.

Yeye aliumwa. Siku ya pili ya mapigano, duka lake lililokuwa upande wa soko, lenye vyerehani vinne, lilichomwa moto. Mumewe alikuwa amejifungia ndani, akikusanya mali ya kuokoa. Alitoka na cherehani kimoja na moshi kifuani. Alikohoa miezi mitano, kisha akafariki.

Aliyelichoma yumo kwenye kwaya. Ni fundi rangi wa miaka ishirini na tisa, kutoka upande wa soko, na huimba besi. Alijiunga miezi saba iliyopita. Mama Besi aliujua ukweli wiki ya tatu, kwa kuambiwa na wifi yake.

Kwa nini hakumfukuza? Anacheka cheko fupi lisilo na furaha. "Nikianza kufukuza, nani atabaki? Besi wote wanaondoka."

Lakini kila mwimbaji aliye mdogo kwake humwita "mwanangu", isipokuwa huyu. Huyu ni "wewe fundi".

Mazoezi hufanyika katika darasa la tano la shule ya msingi, kwenye madawati mafupi yanayowafanya watu wazima wakae magoti kifuani. Leo kiti kimoja kimekaliwa na fundi rangi, ambaye ameomba mwenyewe kusema. Shati lake lina madoa meupe. Kwenye kiti cha pili, kwa mara ya kwanza tangu autunge utaratibu huu, anakaa Mama Besi.

"Mama," kijana anaanza, "duka nilijua ni lako. Ulinishonea sare za shule. Dumu la petroli nilibeba mimi, sikutumwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa. Sikujua kuna mtu ndani. Ni hayo tu."

Mama Besi anatazama mikono yake. "Umesema duka ulijua ni langu. Umesema nilikushonea sare. Petroli ulibeba wewe, hukutumwa."

"Kuna kipande umeacha, mama."

Dawati moja linalia.

"Umesema mlango ulikuwa umefungwa."

"Bado, mama."

Sasa Mama Besi hatazami popote. Kwa saa ya ukutani, dakika nne zinapita. Kwenye benchi la sauti ya kwanza mtu ananong'ona: "Jamani, imetosha, tuimbe."

Anayejibu ni wifi. "Kaeni kimya. Aliyekufa ni kaka yangu, na mimi nangoja. Nyie mna haraka gani?"

Kijana hatikisiki kitini. Hamhimizi, wala hainuki kuondoka. Mama Besi anafuta uso kwa ncha ya khanga. Ana hasira, na hajaribu kuificha.

"Umesema," anasema hatimaye, kwa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "hukujua mume wangu yumo ndani."

"Ndiyo, mama. Ndivyo nilivyosema."

"Nimerudia. Sijasema nimeamini."

"Sawa, mama."

Anakwenda mstari wa nyuma. Waimbaji hupangwa kwa sauti, si kwa upande, hivyo kati yake na fundi rangi kuna mtu mmoja tu. Ubeti wa kwanza kinywa chake kinafunguka bila kutoa kitu. Ubeti wa pili besi yake inasikika, na chumba kizima kinaiegemea.

Jumatatu asubuhi yuko kwenye cherehani, anapiga pindo za sare mpya. Mwezi ujao kwaya itaimba hadharani pande zote mbili kwa siku moja, jambo ambalo halijafanyika tangu mapigano. Anashona sare moja kwa siku na hana hakika kama atamaliza.

Hata hivyo si hilo analolifikiria. Katika kwaya yake, anayerudia hapewi nafasi ya kujibu siku hiyo hiyo. Hujibu wiki inayofuata, na aliyesema ndiye hugeuka kuwa wa kurudia. Jumamosi ijayo zamu ni yake.

"Nitamwambia kile kikohozi," anasema. "Miezi mitano. Namna mume wangu alivyokuwa anakaa kitandani kwa sababu akilala anazibwa pumzi. Namna alivyokuwa ananiomba radhi kwa kuniamsha. Nataka kijana ayarudie yote, asiache kipande."

Na akishindwa?

Mama Besi anasimamisha mguu kwenye pedali.

"Tutamngoja. Si hata mimi alinisubiri?"